Masika Alipotoka Zaire Mikono Mitupu

Vijana wa Bwera, wa Kyondo, wa Munkunyu, na ninyi mlioko Kasese mjini mkisubiri pasi zenu zitoke, nawasalimu. Nisomeni taratibu. Shule mimi niliishia darasa la tatu, na Kiswahili hiki nilikipata sokoni Mpondwe nikiuza maharage kwa watu wa ng'ambo. Kwa hiyo mtu asinishike kwa makosa ya kuandika. Anishike kwa ninachosema.

Sikuja kuwakataza kwenda. Najua mzee akifungua mdomo juu ya safari, kijana anaziba masikio mapema. Nyumba ninayolala imeezekwa kwa mabati ya jasho la mjukuu wangu Mbambu, anayefanya kazi za ndani Uarabuni mwaka wa tatu sasa. Mvua ikinyesha silowi, na nashukuru. Mdogo wake anasoma kwa sababu yake. Kwa hiyo anayesema safari haina faida, asije kusemea kwangu. Lakini kuna jambo nimelibeba tangu usichana wangu, na nimechoka nalo. Leo nalitua hapa mbele yenu.

Nakumbuka siku dada yangu Masika aliporudi kutoka Zaire. Ndivyo nchi ya ng'ambo ilivyoitwa wakati huo. Ninyi Bakonzo mnajua majina yetu, lakini huenda anasoma mtu wa kabila lingine, basi niseme: kwetu binti wa kwanza ni Masika na wa pili ni Biira. Hatuchaguliwi jina, tunalikuta linatusubiri. Mimi ni Biira. Kwa hiyo kila anayeniita anakumbusha kwamba mbele yangu alikuwapo mwingine.

Masika aliondoka nyumbani Kyondo nikiwa msichana wa kuimba kwaya, yeye akiwa amenipita miaka minne hivi. Mwanamke mmoja mfanyabiashara alimwambia kwamba huko mbele ya Beni, kwenye machimbo ya dhahabu, wanatafuta wasichana wa kupika. Akafunga nguo zake, akashuka mlima, akavuka mto Lhubiriha. Ilikuwa kiangazi, maji hayakumfika magoti. Hakuna aliyelia. Mama hata chakula cha njiani hakumfungia. Kwa nini alie? Ng'ambo kule wanasalimiana kama sisi, wanakula obundu, ugali ule ule wa muhogo, na binti wao wa kwanza naye ni Masika. Tulisema, "Masika yuko ng'ambo," kama mtu anavyosema fulani yuko shamba la pili.

Mwanangu, hapo ndipo tulipoanza kukosea. Anayepanda ndege kwenda Uarabuni, kila mtu anajua amekwenda ugenini, wanamwombea kanisani. Masika alikwenda ugenini na sisi hatukujua. Tulidhani nchi inayoelewa salamu yako si nchi ya kigeni. Kumbe salamu wanaielewa, na bado huna mama pale, huna shamba pale, na ukiugua mtu anakutazama kama mzigo uliosahauliwa na lori.

Mwaka wa kwanza alituma vitu. Sabuni, chumvi, beseni la maua ambalo Mama alikataa watu wasilitumie, akalitundika ukutani. Baba akaanza kunywa chai ya sukari na kuzungumza kwa sauti. Nami nikaanza kujigamba. Wasichana wenzangu wa kwaya niliwaambia, Masika akirudi atatuletea vitenge vya kufanana, tuvae siku ya Pasaka. Nilikwisha hata kuwachagulia mshono. Mdomo wangu wakati huo haukuwa na mlango.

Basi akarudi. Ilikuwa msimu wa kahawa, tumeianika uani kwenye mikeka, wanawake wa jirani wamekaa wanachambua mbovu, na wenzangu wawili wa kwaya wamekuja kusaidia. Nikamwona mtu anapanda njia polepole, anasimama, anapanda tena. Nilidhani ni mwanamke mzee. Alipofika karibu ndipo nikaona ni dada yangu. Chini ya kwapa ana kifurushi kidogo cha nguo, basi.

Nyumbani kwetu tulikuwa na desturi. Anayetoka safari ya mbali haingii ndani kwanza. Anakaa uani, mzigo wake unawekwa katikati, mama wa nyumba anaufungua watu wakitazama, na kila kinachotoka kinapigiwa vigelegele. Desturi nzuri, mtu akiwa na kitu. Siku ile Mama alikaa, akafungua kile kifurushi mbele ya watu wote. Ikatoka sketi moja kuukuu. Kikatoka kijiko. Yakatoka majani makavu yaliyofungwa kwenye kitambaa. Mama akakung'uta nguo, kama mtu anayetafuta kilichobaki. Hakikubaki kitu.

Wanawake wakainamia kahawa. Wale wenzangu wa kwaya wakanitazama mimi, si yeye. Na mimi, badala ya kumletea dada yangu maji, nikafungua mdomo.

"Yaya, dada yangu, hiyo Zaire uliyokwenda ni ipi? Ile ya nyuma ya choo?"

Watu wakacheka. Kicheko kikanipa nguvu.

"Mtu anatoka Zaire na kijiko! Kijiko hata mimi ninacho. Ungeniambia nikuazime, usingejichosha njiani."

"Biira, nyamaza," Baba alisema. Lakini alisema bila ukali, na macho yake yalikuwa bado kwenye kile kitambaa kilichofunguliwa. Mwanamke mmoja jirani yetu, Mungu amrehemu, akaongeza, "Mwacheni mtoto, labda lori la mizigo linakuja nyuma." Wakacheka tena.

Na Masika naye alicheka. Hilo ndilo lililotudanganya. Alicheka mpaka akakohoa, akaziba mdomo kwa mkono, akasema, "Biira, ulimi wako umekua kuliko miguu." Kisha akaanza kuchambua kahawa pamoja nasi, kama mtu ambaye hakwenda popote.

Siku mbili alikaa, akawasikia wenzangu wa kwaya wakinidai vitenge nilivyowaahidi. Siku ya tatu ilikuwa ya soko, akamwambia Mama anashuka Mpondwe kuuza parachichi. Akajitwika kapu. Jioni mwanamke wa jirani akaturudishia kapu likiwa tupu, akasema Masika amemwachia, naye amevuka.

Nilikasirika. Nawaambia ukweli, sikusikitika, nilikasirika. Nilisema ametukimbia.

Miezi ikapita, akaja mfanyabiashara na vitenge sita. Vipya, vya kufanana, rangi ya manjano na majani mabichi. Na salamu: "Masika anasema Biira apewe wa kwanza." Nyie, furaha ile! Tulishona, Pasaka tukasimama mbele ya kanisa tumefanana, watu wakageuza shingo. Niliimba kwa sauti ambayo sijaiimba tena. Nilijiambia, umeona? Maneno yangu makali yamemrudishia akili.

Kabla ya msimu mwingine wa kahawa kukaribia, ikaja habari kwamba amekufa.

Baba alikwenda, nikamfuata. Siku mbili juu ya lori, matope, vizuizi, askari wanaotaka hiki na kile. Tulikuta amekwisha kuzikwa kando ya msitu, pahali penye makaburi ya watu waliotoka kila upande. Baba alitaka kumchukua tumzike nyumbani kama inavyotakiwa. Wakamwambia haiwezekani, muda umepita. Akachukua udongo kiganjani, akaufunga kwenye leso. Sikuwahi kumwona mzee yule amekuwa mdogo namna ile.

Kulikuwa na mwanamke aliyepika pamoja na Masika, anaitwa Mama Kanyere. Alitupa maji na viti. Alikuwa mtu wa maneno machache, na Kiswahili chake ni kile cha ng'ambo.

"Weye njo Biira?" akaniuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Alikuya kwenu kutafuta dawa. Alikuwa anakohoa tangu zamani, siku ingine damu. Hapa dokta haiko. Nikamuambia, enda kwenu, kwenu kuko hospitali, kuko mama yako. Akaenda. Kisha namuona amerudia. Namuuliza, eh, bamekutunza? Akasema hapana." Akanitazama. "Akasema, bote baliuliza muzigo. Hakuna mwenye aliuliza mwili."

Yale majani kwenye kitambaa yalikuwa dawa. Tuliyaona sote, watu wazima na watoto, pale katikati ya mkeka. Hakuna aliyeuliza ni ya nini. Tulikuwa tunatafuta vitenge.

Nikamuuliza Mama Kanyere, na vile vitenge? Akasema Masika alipika akiwa mgonjwa, akafua na nguo za wachimbaji usiku na mchana, mpaka akavipata. Alipovituma akasema, sasa naweza kwenda nyumbani. Hakupata nguvu ya kwenda.

Kitenge changu sikukivaa tena. Sikukitupa pia. Nilikwenda nacho kwa mume wangu, nikabebea watoto wangu wote mgongoni mpaka kikachanika. Sijui kama nilifanya vizuri. Sikuwa na mtu wa kumuuliza.

Baba na Mama walikufa bila kunilaumu hata siku moja, na hilo lilikuwa zito kuliko kupigwa. Labda na wao walikuwa wanajilaumu. Hatukuzungumza. Nyumba nzima ilikuwa na kosa moja, na kila mtu alilifuga peke yake.

Kwa nini nawaambia leo? Kwa sababu ya juzi Jumapili. Mbambu alipiga simu kutoka Uarabuni. Mwanangu Thembo, ambaye ni baba yake, akaweka sauti ya wote kusikia. Tulikuwa uani, shangazi zake wapo, wadogo zake wapo. Mtoto akasema anarudi, mkataba haujaisha lakini anarudi wiki hii.

"Wiki hii? Sawa, sawa," Thembo akasema. "Masanduku mangapi? Nijue gari la kukodi pale njia panda ya Kikorongo liwe la namna gani."

Shangazi mmoja akapaza sauti, "Mwambie asisahau blanketi langu!" Mwingine, "Na mimi simu, hata iliyotumika!" Wakacheka. Mbambu naye akacheka huko aliko.

Nilikijua kile kicheko. Nilisimama, na ninyi mnajua kusimama kwangu si kazi ndogo siku hizi. Nikamwambia Thembo anipe simu.

"Mbambu. Ni mimi."

"Mukaka, bibi yangu! Habari ya nyumbani?"

"Nyumbani tupo. Unaumwa wapi?"

Nikadhani simu imekatika.

"Nimekuuliza, mtoto. Unaumwa wapi?"

"Mgongo, Mukaka." Sauti ikawa ya mtoto mdogo. "Nilianguka ngazini na kapu la nguo. Sikai, silali. Wamesema niende kwetu. Sina kitu, Mukaka. Hata masanduku yenyewe sina. Nilikuwa nafikiri nishukie Kampala kwanza, nitafute kazi kidogo, nisije hivi hivi."

Uani pale hakuna aliyecheka tena. Shangazi wa blanketi alikuwa anatazama chini. Nikamwambia Mbambu, "Usikae Kampala. Panda basi, uje moja kwa moja. Umenisikia?" Akalia sana, na mimi nikashika simu mpaka akamaliza.

Basi, wanangu, sikilizeni, halafu niwaache mwendelee na mambo yenu.

Wewe unayekwenda, nenda. Lakini tafuta mtu mmoja nyumbani, mmoja tu, wa kumwambia ukweli. Wengine watumie picha umevaa miwani, umesimama karibu na gari la watu, shauri yako. Huyo mmoja mwambie ulichokula na unapolala. Na ukiugua, rudi. Rudi na nguo uliyovaa, rudi bila viatu ikibidi. Usikae pembeni mwa kwenu ukijitafutia zawadi za kuingilia mlangoni. Mlango ule ulizaliwa ndani yake.

Na wewe unayebaki, kosa kubwa liko kwako, ndiyo maana nakuzungumzia mwisho. Wewe ndiwe unayemfundisha ndugu yako kudanganya. Kila unapoorodhesha unavyotaka, unamwambia usije bila hivi. Hutamki hivyo, lakini yeye ndivyo anavyosikia. Sabuni inaisha, kitenge kinachanika, hata mabati yatapata kutu. Mtu akipiga simu kutoka mbali, muulize mwili wake kwanza, kisha nyamaza, mpe nafasi ajibu. Asipojibu, uliza tena. Mimi sikuuliza hata mara moja, na nimezeeka nikisubiri mtu aje anijibu.

Mungu awatangulie mnaovuka, awape waajiri wenye huruma na vitanda vya kulala. Awarudishe mkiwa hai, na akiwarudisha, awakutanishe na watu wenye adabu uani.

Mbambu anafika kesho. Kwa hiyo jana jioni nimeita nyumba yangu yote, nikasema hivi: "Thembo, utamsubiri Kikorongo mwenyewe, na kesho yake utampeleka hospitali, usiniletee habari za palizi. Ninyi wanawake, maji ya kuoga yawe motoni kabla hajashuka, na kitanda changu mtandikieni yeye, mimi nitalala kwenye mkeka. Mzigo wake, kama anao, unaingia ndani ukiwa umefungwa, na asiuguse mtu. Shangazi anayetaka blanketi, Ijumaa ni soko, akajinunulie."