Barakoa ya Paskalina

Mimi ni mwalimu mgeni hapa Endasak. Corona ilishapita na barakoa zikatupwa, ila Paskalina wa kidato cha pili aliendelea kuvaa yake kila siku. Nikajiaminisha kwamba anatafuna jojo humo ndani. Jana nikamsimamisha mbele ya darasa.

"Vua tuone unachotafuna!"

"Mwalimu, naomba nisivue."

Mimi mjuaji nikaivuta mwenyewe, huku nacheka. Mdomoni hamkuwa na kitu. Meno yake yalikuwa ya kahawia, yenye mabaka.

"Ni maji ya kisima chetu cha kijiji, mwalimu, yanatuharibu meno," alisema, machozi yakimtoka. "Nikiivaa, na mimi nacheka na wenzangu."

Nikageukia darasa. Wanafunzi karibu wote walikuwa wamefunika midomo kwa viganja. Aliyebaki na meno nje ni mimi peke yangu.