Joëlle Alisoma Hadi Mwisho

Kitabu nilimpa mimi, na mpaka leo sijajisamehe. Mwaka huu sote tunaosoma Kifaransa hapa Kisangani tulipokezana riwaya moja: mume ametoweka, mke anamtafuta, na kila mtu anamshuku. Nilipofika katikati nikasema huyu ni Joëlle mtupu, nikampa amalizie yeye kwanza.

Joëlle ni mwalimu wa shule ya msingi, jirani yangu hapa Kabondo. Miaka miwili iliyopita mumewe, Ruphin, alikwenda Basoko kununua samaki wa moshi, hakurudi. Boti haikuzama. Wenzake hawakumwona akipanda. Basi ndugu zake wakashika wimbo mmoja: mke anajua kitu. Jumapili wangekaa kikao kuamua kama atabaki katika nyumba ya Ruphin, na neno zito lilikuwa la mama mkwe, Mama Fanny, ambaye alikuwa bado hajaamua.

Kila alasiri wanawake wa uwanja wetu huchambua pondu, majani ya muhogo, na Joëlle huwasomea, akigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili papo hapo. Hatangulii hata ukurasa mmoja; anasema kutangulia ni kuwaibia. Siku ya pili ya kitabu hiki Mama Fanny alikuja na beseni lake. Tangu hapo hakuchelewa hata siku moja.

"Ule mwanamuke iko anateseka bure," alisema siku moja, akijipangusa macho. Usiku, Joëlle akaanza tena kupata usingizi.

Jumamosi wakafika mwisho. Ni mke aliyemuua mumewe, kisha akili yake ikamfichia tendo hilo. Kurasa mia tatu tumekaa ndani ya kichwa cha mwanamke, tunalia naye, halafu mwandishi anatuambia alisahau! Huo ni uvivu, na wenye magazeti wanauita ufundi.

Joëlle aliona kinachokuja, akaacha kusoma; nami niliyeketi kando yake nikakiona ukurasani. Pale hakuna aliyejua Kifaransa isipokuwa sisi wawili. Angeweza kusema mume amerudi. Niliomba Mungu Joëlle adanganye.

"Sasa, nani alimuua?" Mama Fanny akauliza.

Joëlle akasoma kama ilivyoandikwa, neno kwa neno. Kisha akafunga kitabu, na hasira ikamtoka, hasira ya msomaji aliyechezewa, wala hakuwa na jingine moyoni.

"Mwenye kuandika anatudanganya, Mama. Ule mwanamuke hakufanya kitu. Tulikuwa naye siku zote, tungeona."

Mama Fanny akakung'uta majani mapajani.

"Na ule wa mu kitabu alikuwa anasema vile vile, hakufanya kitu," akajibu.

Akabeba beseni, akaenda bila kuaga. Kikaoni walipomuuliza maoni yake kuhusu mkwewe, alitazama chini, hakusema kitu, na hilo liliwatosha.

Jumatatu nilimsaidia Joëlle kubeba godoro.