Ndugu yangu aligombea useneta, nami nikatakiwa niteme maji nikiwa London

Wakuu, walio wakubwa shikamooni, wa rika langu habari za kushinda.

Haya ninayoandika nayaandika mbele za Mungu. Chumvi sitaongeza. Pale nilipoona vizuri nitasema niliona, na pale palipokuwa na ukungu nitasema palikuwa na ukungu. Na ukungu ulikuwa mwingi.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na kitu, Mtaita wa kule milimani, Kenya. London nimekaa sana. Naishi Rayners Lane, kazi yangu ni care, yaani kuangalia wazee majumbani mwao. Shule yangu kubwa ni evening class za huku huku, zile unaingia darasani na uniform ya kazi bado iko mwilini. Kwa hiyo maandishi yakipinda mninyooshee polepole.

Sasa.

Kule kwetu kiti cha useneta kilibaki wazi, ukaitishwa uchaguzi mdogo. Mdogo wangu Zakaria akasimama.

Zaka ni kitinda mimba wetu. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni mama akiwa shambani. Nyumbani wanasema ule mdomo wa siasa aliuokota mgongoni kwangu, kwa sababu nilikuwa namwimbia njia nzima.

Kabla hamjaniuliza: hapana, kura sikuwa nayo. Sisi wa diaspora tunapiga ya rais peke yake. Mambo ya seneta wa kaunti tunayaangalia kwenye simu kama wageni wanaochungulia harusi dirishani.

Kura yangu hakuna aliyeihitaji. Walihitaji mate yangu.

Subirini, nitafika.

Kampeni niliifuata kwenye group la familia. Video mchana kutwa. Nilikuwa napenda kukaa juu kwenye basi, kile kiti cha mbele kabisa, earphone masikioni. Nje ni ile mvua ya huku isiyo na sauti. Ndani ya masikio ni spika za kampeni, vigelegele, akina mama wa kwetu wanaimba. Basi linaenda polepole, nyumba za matofali zinapita zote sura moja, na macho yanaanza kunidanganya.

Siku moja umati kwenye simu ulipoinua mikono kuitikia "Seneta!", mzee mmoja wa Kihindi pale zebra crossing naye akainua mwavuli wake. Wakati ule ule. Nikacheka peke yangu. Nikaona kama barabara nzima ya Harrow inampigia Zaka debe.

Lakini mnisikilize. Nilikuwa nacheka, na chini ya kicheko kulikuwa na kitu. Nilikijua. Nilikuwa nakikalia tu, kama mtu anayekalia nguo asiyotaka ionekane.

Kisha ikaja video moja ya ajabu. Zaka yuko juu ya gari, anafungua mdomo, hakuna kinachotoka. Watu wanangoja. Anafungua tena. Kijana wa chama akachukua maikrofoni akaongea badala yake.

Mimi najua wagonjwa. Nikaandika kwenye group: mwambieni apumzishe koo, anywe maji ya vuguvugu, amepayuka sana huyo. Wakampeleka hospitali, daktari akasema koo liko sawa, apumzike. Akapumzika. Sauti haikurudi. Na uchaguzi unakuja.

Ndipo shangazi Wakesho akanipigia. Huyu ni dada wa marehemu baba, ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki, na hana habari na hello.

"Mama Neema, una nini na mdogo wako?"

"Sina kitu, shangazi."

"Sikuulizi kama huna. Nakuuliza unacho nini."

Niwaeleze wasiojua. Sisi Wataita tuna jambo linaitwa kutasa. Wazee wanasema hasira ya mtu wa karibu, mzazi, kaka, dada, hata akiificha, hata akitabasamu, inaweza kumfunga mtu wake. Sio uchawi. Mwenye hasira anaweza hata asijue kwamba inafanya kazi. Dawa yake ni yeye mwenyewe: anatia maji mdomoni, anayatema kwa kuyanyunyiza, na kati ya funda na funda anatamka maneno ya baraka. Hasira inatoka na maji.

Nikamwambia, "Shangazi, mimi nimeokoka."

"Kuokoka kwako kunakataza maji?"

"Hayo ni mambo ya zamani."

"Na hasira ni ya lini? Ya kisasa?"

Akakata simu. Ndivyo alivyo.

Haya, nawaambia hasira yenyewe.

Mama yetu alipofariki, pasipoti yangu ilikuwa huko kwa watu wa visa. Nilimwambia Zaka, ningoje. Akaniambia, dada, tutakungoja, mama hawezi kuzikwa bila wewe. Kwa mdomo wake.

Baadaye nikapigiwa simu kwamba mazishi ni Jumamosi hii. Kwa nini? Kwa sababu wakubwa wa chama walikuwa na nafasi Jumamosi hiyo. Zaka alikuwa anaanza anaanza siasa, akataka waje.

Wakaja. Nikazika mama yangu kwenye video. Na hata kwenye video sikumzika vizuri, maana mbele ya jeneza walisimama watu wenye kofia za chama wakipokezana maikrofoni. Niliona kofia. Sanduku sikuliona. Nilikuwa nasogeza simu huku na huku kama nitaweza kuchungulia katikati yao.

Tangu siku hiyo sikumwambia Zaka neno. Nilimwambia Mungu. Kila asubuhi nilimwombea Zaka kwa jina, na nilikuwa mwaminifu, sikuruka hata siku moja. Bwana mbariki, Bwana mwinue. Lakini maneno yalikuwa yanapita kando ya kile kitu kama maji yanavyopita kando ya jiwe. Jiwe halilowi ndani.

Na kilichonizuia kutema sio wokovu, wakuu. Niliogopa kusema uongo. Ningewezaje kusema "hasira imetoka" na mimi nikijua kwamba Zaka akishindwa, ndani yangu kuna mtu atapiga vigelegele? Huyo ndiye niliyekuwa namwogopa. Huyo mwanamke wa ndani.

Asubuhi moja ukungu ulishuka Rayners Lane, ule mzito unaofuta nyumba. Ukungu wa kwetu kabisa, kasoro harufu ya moshi wa kuni. Nilikuwa kwenye platform nangoja treni. Watu wamejipanga kimya, makoti meusi, kila mtu anangoja. Mimi nikaona foleni ya kupiga kura. Naapa. Niliona akina mama wa kwetu na leso mabegani, mmoja ameshika kitambulisho kifuani, na foleni inaingia ndani ya ukungu, mwisho wake siuoni. Kimya chote kile. Nikajiuliza, hawa wote wanangoja nini?

Nikajijibu, wanakungoja wewe.

Treni ikafika, milango ikafunguka, wakawa wazungu na Wahindi na sisi wengine tunaokwenda kazini. Nikaingia. Nikamtumia shangazi ujumbe: Jumapili, mkitoka kanisani. Nitatema.

Jumapili hiyo nilikuwa kazini Queensbury, kwa bibi mmoja tunayemwita Ba. Ni Mhindi, amezaliwa Voi, kule kule kwetu, baba yake alikuwa na duka pale. Umri umemchanganya kidogo, siku nyingine yuko London, siku nyingine yuko Voi anauliza kama lori la mafuta ya taa limefika. Kiswahili chake ni kile cha dukani, na mimi nakipenda kuliko redio.

Mwanawe alikuwepo, nikamwomba break yangu niitumie bustanini, nina mambo ya familia. Akasema, take your time, sister.

Nikatoka na glasi ya maji. Nikaegemeza simu kwenye chungu cha maua. Video ikafunguka: sebule ya nyumbani imejaa, shangazi Wakesho kwenye kiti katikati, na Zaka chini kwenye mkeka, shingoni ana skafu. Amekonda.

Shangazi akasema, "Kwanza useme. Hatutemi tusichokitaja."

Hilo sikulitegemea. Nilidhani nitatema tu, amina, nirudi kazini.

Nikaitazama glasi. Mtu kule akauliza kama network imeganda.

"Haijaganda," shangazi akasema. "Anatafuta."

Nikasema. "Zaka, uliniambia mtaningoja. Ukamzika mama bila mimi ili watu wa chama wapate Jumamosi yao. Niliona kofia zao. Jeneza la mama sikuliona. Mimi niliyekubeba, ukanipa kofia."



Wakuu, Zaka ninayemjua angejibu. Angesema, dada elewa, dada mambo yalikuwa hivi na hivi, na ningejikuta mimi ndiye naomba msamaha. Ana mdomo huo. Lakini safari hii mdomo haukuwa na kitu ndani yake. Alibaki ananiangalia tu, na kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima akanisikiliza mpaka mwisho.

Kisha akasogea karibu na simu akanong'ona. Nilisoma midomo zaidi ya kusikia.

"Ni kweli, dada."

Basi. Hakuongeza.

Mimi mwenyewe sikujua kwamba nilikuwa nangoja maneno hayo tu.

Nikajaza maji mdomoni nikanyunyiza, pffff, hewani. Nikasema, "Zaka, moyo wangu uwe mweupe kwako." Funda lingine. "Sauti yako irudi, uitumie vizuri." Funda lingine. "Ukipanda upande, ukishuka ushuke mzima. Kwa jina la Yesu." Shangazi kule anaitikia kila mara, na sebule nzima inaitikia naye. Matone yananing'inia kwenye ule ukungu mwembamba wa Queensbury, jua dogo likapita ndani yake, nikaona rangi. Nimesema sitaongeza chumvi. Niliona rangi.

Nyuma yangu mlango ukafunguka.

"Wewe natema mate kwa maua yangu?"

Ni Ba, na fimbo yake.

"Ni maji, Ba. Nambariki ndugu yangu."

Akaangalia simu. Akaangalia maua. "Ndugu iko ndani ya chungu?"

Kule nyumbani walicheka mpaka shangazi akashika mbavu. Zaka naye alicheka, kicheko kisicho na sauti, mabega tu yanaruka.

Ba akaniambia, "Bomba iko pale. Tumia bomba, mdomo nachoka bure." Akarudi ndani.

Wiki ile sauti ya Zaka ikaanza kurudi, nusu nusu, yenye mikwaruzo. Mniulize ni maji au ni kupumzika, nitawajibu sijui. Shangazi anajua. Daktari naye anajua. Mimi nilikuwa Queensbury.

Siku ya kura ilipita kama ndoto ya mchana. Nilikunja mashuka ya Ba, nikapika wali wake, simu mfukoni inatetemeka tetemeka kama kifaranga. Picha za foleni. Picha za vidole vyenye wino. Matokeo yakawa yanaingia kidogo kidogo, kituo hiki, kituo kile, tuko juu, tuko chini, kisha group likanyamaza.

Unajua group la familia likinyamaza.

Kesho yake shangazi ndiye wa kwanza. "Mama Neema, mbele ya Mungu. Ulitema yote?"

"Yote, shangazi."

"Hukubakisha hata chini ya ulimi?"

"Sikubakisha."

"Basi ni wapiga kura," akasema, akakata.

Halafu akapiga Zaka mwenyewe. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya stesheni, nangoja mvua ipungue. Sauti yake imerudi yote.

"Dada, nimeshindwa."

Nilikuwa namsikilizia yule mwanamke wa ndani. Yule wa vigelegele. Nilijua kama yupo, sasa ndio wakati wake. Nikangoja. Watu wanapita na miavuli, basi likaja likaondoka, mimi bado namngoja.

Hakuja.

Kilichokuja ni mtoto mmoja mzito mgongoni, amelala, kichwa chake kimeegemea bega langu. Nikaanza kulia pale pale benchi, namlilia Zaka kiti chake alichokikosa, kama vile aliyekipigania ni mimi.

Akaniuliza, "Dada, unalia wewe? Mimi ndiye nimeshindwa."

Nikamwambia, "Niache nilie. Nimefurahi kwamba nimehuzunika."

Akasema hanielewi. Nikamwambia sio lazima.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Mungu nilimwambia hasira yangu miaka yote hiyo na alikuwa anaijua. Asiyeijua alikuwa Zaka. Unaweza kumwombea mtu kila asubuhi kwa uaminifu na bado ukawa umemfungia mlango, kwa sababu maombi yanaenda juu na yeye anakaa pembeni. Mtajie. Umwangalie machoni, hata kama ni kwenye simu iliyoegemea chungu. Na ukitajiwa, usijibu haraka. "Ni kweli" inatosha.

Najua hapa kuna wapendwa watakaosema nilirudi kwenye mila. Karibuni, mnirekebishe kwa upole, mimi Jumapili niko kanisani kama kawaida. Na Wataita wenzangu mlioko humu, mwaka huo mlikuwa wapi sanduku la kura likifunguliwa? Kwenu nina maneno mengine.

Na wewe unayemwombea ndugu yako ilhali hujamsemesha, niandikie hapo chini. Huna haja ya kutaja jina. Useme tu ni dada, au ni kaka.