Karani wa Dirisha la Kadi

Karani wa dirisha la kadi katika kliniki yetu ya Umoja alikuwa na kucha safi kuliko za manesi, na kazi yake kubwa ilikuwa kuzitazama. Alizitazama huku mwanamke amesimama mbele yake na mtoto mgongoni, mpaka miguu ya mwanamke ichoke. Kisha aliuliza, kwa sauti ya kufika getini, "Mama, umechoka kuzaa? Barua ya mume iko wapi?" Mwenye barua alisomewa barua yake benchi zima likisikia, ikagongwa muhuri, akapita kwa nesi kupewa vidonge vya kupanga uzazi. Asiye nayo alirudishwa nyumbani, na wengi wao tuliwaona tena kwenye foleni ya wajawazito. Yeye alisema sheria ni sheria, ingawa hatukuwahi kuiona imebandikwa popote.

Siku moja Nthenya, jirani yangu mwenye watoto sita, alifika mikono mitupu. Mumewe ni dereva wa lori, na wiki ya tatu hiyo alikuwa safarini Kampala. "Bila barua siwezi," karani akasema. Nthenya akamwomba kalamu. Karani akampa yake mwenyewe, tena na karatasi. Nthenya akaandika palepale dirishani, "Mimi Matheka nimemruhusu mke wangu," akatia sahihi, akarudisha kalamu. Karani akaisoma barua ile polepole, kwa sauti, akagonga muhuri.

"Unaona, mama," akasema, akirudia kucha zake. "Mume akikubali, hakuna taabu."