Alama ya Kidole Gumba kwenye Kioo

Binti yangu kazini wanamwita Mama Giza, kwa sababu chumba chake hakina dirisha na anashinda humo na miwani mikubwa usoni. Jina halipendi, ila akiitwa anaitika. Kazi yake ni kupima vioo kwa leza ya infraredi, mwanga ambao jicho halioni lakini linaweza kuungua nao. Ili ajue umepita wapi, anashika kikadi. Mwanga ukikigusa, kinang'aa kijani. Nilipoonyeshwa mara ya kwanza nilicheka kama mtoto.

Vioo vyenyewe huyeyushwa na mumewe. Mkwe wangu yuko ng'ambo, kwenye tanuri ambalo kwetu halipo. Anatafuta kioo cha miwani ya watu wa leza: kiache mwanga wa kawaida upite, ila ukizidi nguvu kiutawanye kabla haujafika jichoni. Kikipatikana, kazi imekwisha, anarudi nyumbani. Kisipopatikana, anaendelea kuyeyusha. Kwa hiyo kila kifurushi kikija, binti yangu hukifungua kabla hajakaa.

Safari hii nilikuwepo. Nilimpelekea chakula, nami nikishafika mahali si mwepesi wa kuondoka. Akanivika miwani.

"Baba, kaa hapo kwenye stuli. Meza usiiguse. Hata kukohoa, kohoa kwa adabu."

"Na kupumua je?"

"Kidogo kidogo."

Kipande kilikuwa kama kitufe cha koti. Akakiweka kwenye kitoroli kinachokisogeza polepole, kipite pale ambapo lenzi imeubana mwanga ukawa mwembamba kama ncha ya sindano. Mbele kuna bati lenye tundu, na nyuma ya tundu kipimo. Kioo kikiukunja mwanga, unaopita tunduni hupungua, kisha huzidi, na mstari kwenye kompyuta hushuka bonde halafu hupanda mlima. Vipande vyote vilivyotangulia vilitoa mstari uliolala kama mgonjwa.

Huu uliinuka. Binti yangu akaziba mdomo kwa kiganja.

"Baba, anarudi!"

Akawa msichana tena. Akaanza habari za kupaka chumba rangi, na kitanda kisogezwe, maana mwenzake hapendi jua la asubuhi. Huku anasema, akapima mara nyingine, apate mstari wa pili wa kumpelekea mkuu wake. Mlima ukazidi kurefuka. Akaacha habari za kitanda.

"Si ndiyo vizuri?" nikauliza.

"Kioo hakibadiliki hivyo, Baba. Kuna kitu kinapata moto."

Akazima leza, akakitoa kipande kwa kibanio, akakiinamisha chini ya taa. Alama ya kidole gumba, katikati kabisa. Mafuta ya mkono yalikuwa yanakula mwanga na kupasha kioo, na kioo chenye joto nacho hukunja mwanga. Mkwe wangu ana ugonjwa wa kushika vioo bila glavu. Wameshagombana sana kwenye simu.

Alikaa amekitazama. Kidole kile hajakigusa miaka.

Mkuu wake akabisha. "Mama Giza, vipi, tumepata?"

Akanitazama mimi, akautazama mlango.

"Kina uchafu, mkuu. Ndiyo kwanza nakisafisha."

Akalowesha karatasi laini kwa spiriti, akafuta taratibu, kama anayemfuta mtoto uso. Akapima. Mstari ukalala, ukabaki na kijinundu tu.

Jioni akampigia mumewe, simu akaiweka mezani, sauti ya mwenzake ikajaa sebuleni.

"Mlima ulikuwa mrefu, mume wangu. Kumbe ni kidole chako."

"Ukakifuta?"

"Nikakifuta."

"Ungekiacha, saa hizi ningekuwa nakunja nguo."

"Na hiyo miwani ungemvisha nani? Si mimi ninayeshinda mle ndani?"

Mkwe wangu alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

"Kuna kijinundu," binti yangu akasema. "Kidogo, ila cha kweli."

"Basi kesho nawasha tanuri."

"Vaa glavu."

"Navaa, mama, navaa."

Akakaa akichezea ukingo wa kitambaa cha meza. "Ila kwenye kifurushi weka na kipande kingine. Hicho sikipimi. Kishike unavyotaka."

Huko ng'ambo mtu akakohoa. "Mzee yupo hapo?"

"Yupo."

Nikavaa kandambili zangu, nikatoka kunyoosha miguu.