Tangazo la Mbwa wa Dooronbek

Mwaka ule Zuurakan alipopoteza vidole viwili, baridi iliingia mapema kuliko kawaida, na tangazo lake la kwanza kwa wazazi lilihusu soksi. Aliandika hivi: "Wazazi, watoto wanakuja na soksi moja nyembamba ndani ya buti la baba. Jiko letu linapasha darasa, halipashi uzembe. Soksi mbili, za sufu. Anayedai hana sufu, nimeona kondoo wake."

Ndivyo alivyoandika siku zote. Alikuwa mwalimu wa taaluma katika shule ya msingi yenye watoto sitini na wanne, kwenye kijiji kimoja cha milima ya Naryn, na kwa miaka ishirini na sita kazi ya kuwaandikia wazazi wakati wa baridi ilikuwa yake. Zamani aliandika kwenye karatasi za daftari na kuzibandika mlangoni mwa duka. Siku hizi matangazo aliyatuma kwa simu. Saa za kuanza masomo zikibadilika, barafu ya mtoni ikianza kulegea, mafua yakiingia darasa la kwanza, watu walijua kutoka kwake. Hata wasio na mtoto shuleni waliyasoma, kwa sababu ya ulimi wake.

Alikuwa binti wa mchinjaji. Baba yake hakujaliwa mtoto wa kiume, basi Zuurakan akiwa na miaka sita alishika miguu ya kondoo, na alipofika kumi alishika kisu. Baba alimwonyesha kwa kidole mahali ambapo chuma huingia bila kugonga mfupa, nyuma kidogo ya mguu wa mbele, akamwambia mkono ukisita mnyama ndiye anayeumia. Baadaye alisomea ualimu, akaolewa na dereva wa lori, akazaa mabinti wawili, na mume akafunikwa na poromoko la theluji kwenye njia ya mlimani. Hakuolewa tena. Mabinti walihamia mji mkuu, Bishkek, naye akabaki na shule.

Dooronbek alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake wa mwanzo kabisa. Alikwenda Urusi akiwa kijana, akabeba matofali miaka tisa, akarudi na mgongo mbovu na hasira isiyojulikana imetoka wapi. Alinunua kondoo, na mbwa wawili wa kuwachunga, Boz na Kaman, kila mmoja mkubwa kama ndama. Kiangazi, juu malishoni, walikuwa mbwa wazuri. Lakini kondoo walipoteremshwa na kufungiwa zizini, Dooronbek aliwaacha mbwa wazurure wajitafutie, maana aliona kulisha mbwa asiye na kazi ni upumbavu. Zizi lake lilikuwa kwenye njia ya watoto wa mtaa wa juu.

Mwanzoni mwa Desemba mbwa hao walimrarua ndama wa jirani. Wiki ile ile wakamfukuza mtoto wa darasa la tatu na kumchana koti mgongoni. Zuurakan alikwenda kwa Dooronbek mwenyewe, akakaribishwa chai ya maziwa kama inavyopasa, akasema lililompeleka. Dooronbek alicheka.

"Eje," alisema, kwa jina la heshima ambalo kila mtu pale humwita mwanamke aliyemzidi umri, "mbwa hasomi matangazo."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Wewe kusoma nilikufundisha mimi."

"Basi wafundishe na hao watoto wako kupita upande wa pili."

"Upande wa pili ni mto, Dooronbek."

Alinyanyua mabega, akamwongezea chai. Zuurakan aliiacha ikapoa, akaondoka. Jioni ile aliandika tangazo ambalo baadaye alilisoma mara nyingi kuliko jingine lolote: "Wazazi wa mtaa wa juu. Mbwa wa Dooronbek wanakula vya watu kwa sababu mwenyewe hawalishi. Nimemwambia, amecheka. Msiwaache watoto wapite pale peke yao. Na anayekutana na Dooronbek amwulize kinachomchekesha ni nini."

Watu walimwuliza. Dukani, kwenye maji, hata msibani. Siku ya tatu, wakati wa mapumziko, Dooronbek aliingia shuleni bila kuvua kofia. Zuurakan alikuwa darasa la pili anachochea jiko, na watoto walikuwa wamekaa kulizunguka wanakula mikate yao. Kati yao alikuwemo Saikal, binti wa Dooronbek mwenyewe. Dooronbek alimshika mwalimu kitambaa cha kichwani pamoja na nywele zake, akambamiza ukutani, mara ya kwanza na mara ya pili, kisha akampiga kofi lililompasua mdomo.

"Futa ulichoandika," alisema. "Futa sasa hivi, mbele yangu."

Zuurakan alikuwa na damu kidevuni. Alimtazama, akamwambia kwa sauti ile ile ya kusomesha kwamba mwanawe anamwona. Dooronbek aligeuka. Saikal alikuwa ameingia chini ya dawati, amejiziba masikio. Baba yake aliupiga mlango teke, akatoka.

Mkuu wa shule alisihi jambo limalizwe kimya kimya. Wazee wa kijiji waliketi, wakaamua Dooronbek aombe radhi na mbwa wafungwe kwa mnyororo. Aliomba radhi huku akitazama sakafu. Mbwa aliwafunga kweli, lakini kwa kamba, akasema mnyororo atautafuta wilayani.

Zikapita siku tisa. Siku ya kumi upepo ulitoka juu na theluji kavu inayokata kama mchanga, kipimo cha joto kikashuka hadi nyuzi thelathini chini ya sifuri. Zuurakan alituma ujumbe saa mbili na nusu asubuhi: masomo yataisha saa tano, watoto wa mtaa wa chini wafuatwe na wazazi, wa mtaa wa juu atawapeleka yeye. Aliwapanga kumi na mmoja wameshikana mikono, Saikal nyuma kwa sababu nyumba yake ilikuwa ya kwanza kuachana na njia, na Aizirek wa darasa la kwanza mbele, mkononi mwake. Mkono wa pili alibeba fimbo ya chuma ya kuchochea jiko, apimie theluji.

Dooronbek alikuwa wilayani tangu jana yake. Mbwa walikuwa hawajala siku mbili, na kamba walikuwa wameitafuna.

Hawakubweka. Boz alitokea ubavuni mwa ukuta wa zizi, akamdaka Aizirek begani kwa meno, akamng'oa mkononi mwa mwalimu kama mtu anavyong'oa karoti. Zuurakan alimpiga fimbo mgongoni, ikadunda. Wakati huohuo Kaman alimrukia kutoka nyuma. Alianguka kifudifudi, akageuka, na alipoinua mkono wa kulia kukinga koo, mbwa aliudaka. Alisikia mifupa yake ikivunjika kabla hajasikia maumivu. Watoto walikuwa wanapiga kelele, lakini zilimfikia kwa mbali, kama za nyumba nyingine.

Hakuuvuta mkono. Aliusukuma ndani zaidi ya kinywa, mpaka mbwa akakabwa na kuinua kichwa, na kwa mkono wa kushoto akaitafuta ile fimbo kwenye theluji. Ncha yake ilikuwa imechongoka kwa miaka ya kupekecha makaa. Aliiweka nyuma ya mguu wa mbele, akaisukuma kwa uzito wake wote. Iliingia. Kaman alitoa sauti moja fupi, akamlalia kifuani, mzito na wa moto, na damu yake ikamwingia Zuurakan shingoni.

Boz alikuwa anamburuta Aizirek kuelekea zizini. Mtoto alikuwa kimya. Aliyemfikia kwanza alikuwa Saikal. Msichana wa miaka minane alikuwa amemshika mbwa wa baba yake mkia, anavutwa naye, huku akiita jina lake na kulia. Zuurakan alitambaa, akajitupa juu ya mgongo wa Boz, akaingiza fimbo kwenye ukanda wa shingoni mwake, akaisokota na kuendelea kuisokota. Alikuwa bado anaisokota baba yake Aizirek, Ryskul, alipofika mbio juu ya farasi, na mbwa alikuwa amekufa zamani. Ryskul ilibidi amfumbue mwalimu vidole kimoja kimoja.

Aizirek alikuwa hai. Ngozi ya kichwa ilikuwa imefunuka kutoka sikioni hadi utosini, na bega lilikuwa limechanika. Walimfunga kwa shali, wakampakia kwenye gari la kwanza lililopatikana, mama yake akamlaza mapajani. Kabla mlango haujafungwa mtoto alifumbua macho, akaulizia mkoba wake wa shule. Zuurakan alimsikia mwenyewe. Ryskul hakumsikia, alikuwa amekwisha ondoka, na hakuna aliyeuliza amekwenda wapi.

Gari la pili lilikuwa linapashwa injini kwa ajili ya mwalimu, mkono umezungushiwa kitambaa cha kichwa, ndipo mwanamke mmoja alipokuja anakimbia. Alisema kuna habari zinatembea kwamba mtoto wa Ryskul amekufa, na Dooronbek amerudi sasa hivi na mnyororo wake, na wanaume wamemkamata uani kwake.

Zuurakan alishuka garini.

Aliwakuta kama kumi na watano, na sepetu, na mipini ya mashoka. Dooronbek alikuwa chini, uso wake hautambulikani tena kuwa uso. Mkewe alikuwa ameshikiliwa mlangoni na wanawake wawili. Mtu mmoja alikuwa anampiga Dooronbek mgongoni kwa ule mnyororo mpya, na kwa kila pigo aliuliza swali moja: "Kinachokuchekesha ni nini? Kinachokuchekesha ni nini?"

Miaka baadaye Zuurakan alimwambia binti yake mkubwa jambo ambalo hakupata kumwambia mtu mwingine. Aliposimama pale langoni, kabla hajayatambua maneno yake mwenyewe kinywani mwa yule mtu, aliona raha. Pigo la kwanza aliloliona, alitamani lirudiwe. Lilirudiwa. Ndipo alipoyasikia yale maneno.

Alipita katikati yao, akapiga magoti juu ya Dooronbek, akamfunika. Ryskul alikuwa ameinua mpini, na mpini haukusimama. Ulimshukia mwalimu penye mfupa wa mtulinga, na watu wote wakasikia ulivyolia.

"Ryskul," alisema, alipopata pumzi. "Weka chini."

"Toka hapo, eje."

"Mwanao yu hai. Yuko garini na mama yake, anaulizia mkoba. Wewe uko wapi?"

Ryskul aliushusha mpini. Zuurakan alianza kuwaita mmoja mmoja, majina yao na ya baba zao, kama anavyoita daftari la mahudhurio, na kila aliyemwita alimwambia kile alichokishika akiweke chini. Karibu wote aliwahi kuwafundisha. Mwenye mnyororo alikuwa wa mwisho. Baadhi yao walianza kulia, na mmoja alitapika ukutani.

Waliwabeba yeye na Dooronbek katika gari moja, kwa kuwa lilikuwa limebaki moja. Dooronbek alipumua kwa kukoroma, na kila gari lilipotupwa na shimo, alimshikilia Zuurakan koti.

Hospitalini walimkata Zuurakan kidole cha mwisho na kinachofuata, na mtulinga uliunga vibaya, ukabaki na nundu. Dooronbek alipoteza jicho la kushoto. Mahakama iliwatia hatiani wanaume wawili, Dooronbek kwa mbwa na kwa kumpiga mwalimu, na Ryskul kwa kumjeruhi mtu. Hakuna aliyefungwa, lakini kila mwezi kwa miaka miwili walikwenda wilayani kutia saini, na kwa bahati mbaya siku yao ilikuwa moja. Aizirek alirudi shuleni mwezi wa Machi na kofia ambayo aliruhusiwa kuivaa darasani. Mtoto mmoja aliwahi kumvua. Hakurudia.

Ryskul alikwenda kwa mwalimu akiwa na paja la farasi na maneno aliyoyaandaa, na Zuurakan akayakatiza, akasema nyama itatosha. Aliendelea kuandika matangazo, kwa mkono wa kushoto kwanza, polepole. Watu waligundua kwamba ulimi ni ule ule, ila majina hayamo tena. Mwenye kosa alipigiwa simu, au aligongewa mlango.

Dooronbek na familia yake walihamia kwa wazazi wa mkewe, ng'ambo ya safu ya milima. Siku ya kuondoka mke alikuja nyumbani kwa Zuurakan kuchukua barua ya uhamisho ya Saikal, akasimama mlangoni, hakutaka kuingia. Zuurakan alimwandikia mwalimu mpya kwamba mtoto huyu anasoma vizuri, hesabu za kugawanya bado zinamsumbua, na kwamba ni mtoto shujaa kuliko watu wazima wengi wa kijiji hiki; na kwamba asiulizwe habari za baba yake mbele ya wenzake. Mama aliisoma yote pale pale, akaikunja, akaiweka kifuani ndani ya koti. Kisha akavua buti, akaingia ndani, wakanywa chai.