Alichosema Rima Mlangoni

Ilianza na mlio wa saa. Nilikuwa jikoni namenya viazi, hapa kwangu Discovery Gardens, Dubai, Jumamosi moja ambayo binti yangu alikuwa ameniletea mjukuu wangu Ilyas kabla ya kwenda kazini. Kutoka sebuleni nikasikia saa nyingi ndogo zikigonga kwa pamoja, kila moja kwa sauti yake, kisha zumari nyembamba ikaingia juu yake. Kisu kikasimama mkononi. Muziki ule sikuwa nimeusikia tangu sijaota ndevu, lakini pua yangu ilikuwa imeshafika mbele: ilinusa vumbi linaloungua nyuma ya runinga kongwe, na mchele mkavu, na udi uliobaki kwenye nguo za bibi yangu.

Nilimkuta Ilyas amelala kifudifudi kwenye kochi na simu yake. Ndani ya simu alikuwemo Mzungu mwenye ndevu nyekundu, nyuma yake rafu zimejaa vinyago vya plastiki, anachambua katuni za zamani za Kijapani. Kumbe siku hizi ni shughuli ya watu wazima: mmoja anakaa kueleza katuni ipi nzuri na ipi mbaya, na maelfu wanamsikiliza. Alisema kwa mbio. Mimi nimefika sekondari, lakini Kiingereza kilichonibakia ni cha ghalani bandarini, cha kuhesabu makasha na kuitikia "yes sir".

"Anasema nini?" nikamuuliza Ilyas.

Nilipolisikia swali langu mwenyewe niliingiwa na hofu. Nilisimama pale na kisu cha viazi nikingoja jibu kama mtu anayengoja kuchapwa.

"Ngoja babu," akasema, "nirudishe nyuma."

Akarudisha. Akawa anasimamisha picha na kunieleza, sentensi kwa sentensi, bila haraka, kwa Kiswahili chake cha kukwaruza. Hajui mtoto yule alichonifanyia.

Niwarudishe mtaa wa Satwa, katika nyumba ya chini tuliyokuwa tukikaa nilipokuwa na miaka kumi au kumi na moja, wakati bandari ya Jebel Ali bado ni mchanga na mitambo. Baba alikuwa dereva wa mhandisi wa Kiingereza huko, na kila akirudi alikuwa na mchanga hadi ndani ya masikio. Mwaka ule alimleta bibi yetu, mama yake, kutoka Unguja. Babu alikuwa amefariki, na nyumba yao ya mtaa wa Malindi, huko huko Unguja, walikuwa wanakaa watu wengine tangu zamani. Bibi hakupenda kulizungumza hilo. Alisema tu, "Nyumba wamo watu," kisha akauliza kama chumvi imeletwa.

Dubai haikuwa na kazi kwa ajili yake. Hakujua njia, hakujua jirani, na Kiarabu alichokuwa nacho kilikuwa cha kusomea msahafu. Mama alikuwa akishona nguo za watu chumbani mchana kutwa. Bibi alikaa sebuleni na ungo wake, akichagua mchele ambao haukuwa na hata chuya moja, maana Dubai mchele uliuzwa safi. Alikuwa akiuchagua, akiumwaga, akiuchagua tena.

Kilichomwokoa ni runinga. Kila siku baada ya sala ya alasiri ilionyeshwa katuni ya Kijapani iliyotiwa sauti za Kiarabu. Ilikuwa habari ya msichana anayeitwa Rima, aliyekuwa akizunguka mji hadi mji katika nchi ya theluji pamoja na mjomba wake fundi saa, akiitafuta nyumba aliyozaliwa. Alichokumbuka ni kwamba mlango wake ulikuwa wa buluu. Basi. Kila kipindi walifika mahali, wakatengeneza saa za watu, wakaona mlango wa buluu, na haukuwa wenyewe.

Waliosema katika katuni zile walisema Kiarabu fasaha, cha kitabuni, si kile cha mtaani, na Bibi alikuwa akidaka neno hapa na neno pale. Kwa hiyo aliamini kwamba Rima ni mtoto aliyesomeshwa Kurani vizuri chuoni. "Msikilize," aliniambia, "anavyotamka! Wewe ukisoma utadhani unatafuna njugu." Mjomba hakumpenda hata kidogo. "Baridi yote hiyo, hata mtandio hakumfunika mtoto wa watu. Mwanamume mzima, akili zimo kwenye saa."

Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Rima akifungua mdomo, mikono ya Bibi ilisimama juu ya ungo. "Kasema nini?" Nikamwambia. "Na huyu?" Nikamwambia. Nilipokuwa shuleni na kipindi kikaonyeshwa mapema, nikiingia tu mlangoni, kabla sijavua viatu: "Keshaiona nyumba?" "Bado, Bibi," nilikisia, maana nami sikukiona. "Haya. Ataiona inshallah." Nadhani ilikuwa ndiyo saa pekee ya siku ambayo Bibi alizungumza na mtu.

Kisha akaja Colin.

Colin alikuwa mtoto wa yule mhandisi, rika langu. Kwao mama yake alimkataza runinga kabla ya jioni, basi alimbembeleza baba yangu amlete kwetu, na baba akatuonya: "Huyu mtoto wa sir. Asiudhike." Alikuja kwa ajili ya katuni ya roboti iliyofuata baada ya Rima. Kiarabu hakukijua hata neno, na hilo halikumzuia kutoa hukumu. Kila kipindi kikiisha alisimama mbele ya runinga, akakohoa kama mwalimu mkuu, akainua vidole. Roboti alipata vidole kumi. Rima alipata vitatu, na siku moja kimoja, kwa sababu kulikuwa na theluji nyingi na hakuna aliyepigwa. "Hakuna kinachotokea," alisema kwa Kiingereza. Mimi niliyempenda Rima kuliko roboti, nikainua vidole vitatu pia.

Siku ya kipindi cha mwisho Colin alikuwepo. Rima alifika kwenye nyumba, na safari hii muziki tu ulikujulisha kuwa ndiyo yenyewe. Mlango ulikuwa umepakwa kijani. Akabisha. Akafungua mwanamke asiyemjua, amebeba mtoto. Wakatazamana, kisha Rima akasema maneno mengi, marefu kuliko yote aliyowahi kusema. Mwanamke akajibu. Rima akapewa kikombe cha maji, akanywa, akakirudisha, akaondoka na mjomba wake kwenye theluji.

"Kasema nini?" akauliza Bibi. Alikuwa ameuweka ungo chini. "Nimesikia bayti. Kasema nyumba yangu. Kasema nini tena?"

Colin akageuka. "Kasemanini, kasemanini!" akaiga, kwa sauti nyembamba ya kizee, akitikisa kichwa, akiimba. Kisha akaniuliza anataka nini yule bibi.

Nami nikacheka. Nikamwambia Colin, hataki kitu. Na kwa Bibi nikasema, "Hakuna kitu, Bibi."

"Hakuna kitu? Maneno yote yale?"

"Hakuna."

Alinitazama kidogo. "Haya," akasema, akaurudisha ungo mapajani. Colin akainua vidole viwili.

Ningeweza kumweleza jioni ile, au kesho yake. Nilikuwa nayo maneno yote kichwani. Lakini hakuuliza tena, na mimi nikaona nafuu kutoulizwa. Katuni nyingine ilianza wiki iliyofuata. Bibi alikaa ameipa mgongo runinga, ameelekea mlango. Mwaka uliofuata aliomba arudishwe Unguja kwa shangazi, na huko ndiko alikozikwa.

Nilikuwa mtu mzima, nina watoto, shangazi aliponieleza jambo moja. Bibi alipofika Unguja alitaka apelekwe Malindi, kwenye nyumba yake. Wakaenda. Akabisha mwenyewe. Akafungua mwanamke kijana, mpole, akasema, "Karibu, bibi, nikusaidie nini?" Bibi akaomba maji. Akanywa akiwa amesimama pale nje, akarudisha kikombe, akashukuru, akaondoka. Njiani shangazi akamuuliza, "Mama, mbona hukumwambia kama wewe ni nani?"

"Ningesema nini?" Bibi akamjibu.

Shangazi hakuelewa kwa nini nililia vile kwa kisa cha kikombe cha maji. Aliyokuwa akiyasema Rima mlangoni ni haya: "Mimi nilizaliwa humu. Sikuja kuwatoa. Nilitaka tu mtu aliyemo ndani ajue kwamba nilikuwemo." Na mwanamke yule alimjibu, "Basi ukipita tena usibishe, ingia." Mimi niliyasikia. Bibi aliona kikombe tu.

Ilyas alifika mwisho wa uchambuzi. Mzungu wa ndevu nyekundu aliipa katuni ile alama nane kati ya kumi, zaidi ya Colin. Kosa lake moja, alisema, ni pale mlangoni: maneno yamezidi. Msichana angenyamaza, anywe maji, aondoke. Picha zingetosha.

"Ni kweli, babu?" akauliza Ilyas. "Wewe uliiona?"

Viazi vilikuwa vimeanza kuwa vyeusi kwenye sinia. Nikakaa karibu naye, nikamwambia airudishe nyuma hadi Rima anapobisha, azime sauti ya yule bwana. Kisha nikamwambia alichosema Rima.